Fonti za brashi na ile herufi a: niliyoyaona kwenye mabango na kadi za harusi

Kazi yangu ni mabango, stika na kadi hapa Dar, na katika fonti zote, yani mitindo ya herufi za kompyuta, zinazopita mkononi mwangu hakuna inayoombwa na wateja kama ile ya brashi, ile ya kuchezacheza, herufi zimelala kidogo upande, zinashikana, unene unapanda na kushuka. Wateja wengi hawajui jina lake, anakwambia tu "niwekee yale maandishi ya kuchora" au "yale ya kwenye kadi za harusi" na wewe ushaelewa. Naipenda sana hii aina ya maandishi, naipenda kiasi kwamba inaniuma nikiiona imewekwa vibaya, ndo maana nimeamua niandike niliyojifunza, hasa kuhusu jinsi inavyokaa kwenye Kiswahili chetu maana hapo watu wengi hawapaangalii kabisa.

Mi nilianza na brashi yenyewe kabla sijagusa kompyuta. Kuna mzee Buguruni ndo alinishika mkono, alikuwa anaandika milango ya maduka, vibao vya saluni, nyuma ya malori, genge la mtu, chochote kile. Vifaa vyake vilikuwa kopo la rangi ya mafuta, thina, matambara, chaki, uzi wa kupigia mstari, na fimbo fupi imefungwa kitambaa kichwani ya kuegemezea mkono usiguse rangi mbichi. Brashi zake zilikuwa na manyoya marefu kuliko zile za kupakia ukuta, na hicho ndo kitu cha kwanza alichonifundisha, kwamba manyoya marefu yanabeba rangi nyingi kwa hiyo unaweza ukavuta herufi nzima bila kurudi kwenye kopo, na ukirudi kwenye kopo katikati ya herufi, hiyo herufi itakuwa na kovu, utaliona hata likikauka.

Kitu cha pili ni presha. Ukishuka unakandamiza, manyoya yanatanuka, mstari unanenepa. Ukipanda unalegeza, yanajikusanya, mstari unakuwa mwembamba. Basi. Uzuri wote wa maandishi ya brashi uko hapo, na mwishoni pale unaponyanyua mkono rangi inakuwa imeanza kukauka kwenye manyoya, inaacha mchirizi kidogo wa vinyweleo. Hapa watu wanachanganya na maandishi ya kalamu ya wino. Ile nembo ya Coca-Cola iliyojaa kwenye kuta za maduka yetu watu wengi wanaiita ya brashi, ila asili yake ni mwandiko wa kalamu, mtindo wa Spencer uliokuwa unafundishwa Marekani miaka ya 1800, Frank Robinson aliuchagua kinywaji kilipoanza 1886. Kalamu inapasuka ncha unapokandamiza, wino unajaa katikati, unapata nywele nyembamba kabisa kisha unene wa ghafla. Brashi haina ule wembamba wa nywele, yenyewe ina mwili. Ukishaliona hilo mara moja hutakaa uchanganye tena.

Sasa, herufi a. Mzee alikuwa akiandika "Karibu Saluni ya Kina Mama", zile a zote hazifanani hata mbili. Nikamuuliza, "Mzee, mbona hii a na ile ya mwisho umeziandika tofauti?" Akanijibu bila kuacha kazi, "Zifanane za nini mwanangu, hii iko katikati ina haraka ya kwenda kwa mwenzie, hii imeshafika mwisho, iache inyooshe mguu." Na kweli ukiangalia, a ya katikati ilikuwa nyembamba imejikunja, ya mwisho wa neno ina mkia unatoka nje kidogo unalegea. Hakuwa na kitabu chochote cha kumwambia hayo, ni mkono tu ulishazoea.

Nilipohamia kwenye kompyuta, kwenye steshenari moja Kariakoo, fonti za brashi zilizokuwepo zilikuwa mbili tatu, na hizo ndo zilizotengeneza sura ya kadi za michango mjini kwa miaka na miaka. Brush Script na Mistral. Sababu ni rahisi tu, zilikuwa zinakuja na Office ya Microsoft, yani ukishaweka Word zipo, hakuna wa kutafuta nyingine. Watu wanadhani ni fonti za kompyuta lakini ni za zamani mno. Brush Script ilichorwa na Robert E. Smith kwa kampuni ya American Type Founders, ikatoka 1942, wakati huo herufi zinatengenezwa kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, zinapangwa moja moja kwa mkono. Mistral ni ya Mfaransa Roger Excoffon, 1953, kiwanda cha Fonderie Olive kule Marseille, na hilo jina ni la upepo wa kusini mwa Ufaransa. Aliitoa kwenye mwandiko wake mwenyewe.

Hebu fikiria ugumu wake. Kila herufi ni kipande chake cha risasi, na kila kipande lazima kishikane na jirani yeyote atakayekaa pembeni yake, a na n, a na t, o na r, bila kuacha mwanya. Excoffon alilifanya hilo, kila herufi inatoka pembeni kwenye kimo ambacho inayofuata inaipokea, halafu bado inaonekana imeandikwa haraka na mtu asiye na wasiwasi. Mi nikiitazama Mistral ikiwa kubwa kwenye skrini mpaka leo nasisimka. Na mwaka 1955 akatoa nyingine, Choc, hiyo ndo ya brashi nene kabisa, herufi nzito juu, inafaa neno moja tu la duka na ikiwekwa vizuri huwezi kupita bila kugeuka.

Tatizo linakuja tukiandika Kiswahili. Kiswahili kimejaa a. Ndo herufi inayojirudia kuliko zote, na maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo ile herufi ya mwisho ambayo macho yanapumzikia mara nyingi ni a tena. Andika "Baraka na Halima" kwa Brush Script kwenye kadi, hesabu a zilizopo hapo, zote zimekatwa kwa kipimo kimoja, zimesimama kama wanafunzi mstarini na sare zao. Kiingereza hakiumizwi sana na hilo maana irabu zinapishana pishana na konsonanti zimejazana, lakini kwetu jicho linagundua hapo hapo, hata la mtu asiyejua chochote kuhusu fonti, hawezi kukwambia ni nini, anakwambia tu "mbona kama imekaa kikompyuta". Na balaa kubwa ni pale a mbili zinapofuatana. "Fundi Saa", "Maandazi", "Taa za Harusi". Mwandishi wa mkono hawezi kuandika a mbili mfululizo zikalingana hata akitaka, ya pili lazima ishuke au ipande kidogo.

Fonti za siku hizi zina dawa ya hilo. Mwaka 2010 Pablo Impallari wa Argentina alitoa Lobster, na wazo lake lilikuwa badala ya kuilazimisha kila herufi iwe na sura moja inayoshikana na wote, unaipa sura kadhaa halafu fonti yenyewe inachagua kulingana na nani amekaa jirani. Hicho ndo alichokuwa anafanya mzee Buguruni, tofauti ni kwamba huku kimeandikwa kama maagizo ndani ya faili. Mwaka uliofuata ikatoka Pacifico ya Vernon Adams, ya mviringo, imenona, ina furaha ya ufukweni, nayo ni bure kama Lobster, leseni yake ni ya wazi, unaitumia hata kwenye kazi ya kulipwa. Hizo mbili zilisambaa kila mahali, na kwa mtu anayeanza nasema anza nazo, ni za halali na zimechorwa na watu wanaojua, kuliko kupakua fonti ya wizi ambayo nusu ya herufi hazipo.

Ila hapa kuna kitu nimeona vijana wengi hawakijui. Hizo sura mbadala haziji zenyewe kwenye kila programu. CorelDRAW, ile programu ya kuchorea mabango na stika, imeanza kuzielewa kuanzia toleo la X6 la 2012, ukiwa na la nyuma yake unapata sura moja tu ya kila herufi hata fonti iwe tajiri vipi. Word kuanzia ya 2010 ina sehemu ya kuziwasha, iko kwenye mpangilio wa fonti upande wa ziada, lakini inakuja imezimwa, kwa hiyo mtu ana fonti nzuri miaka mitano hajawahi kuiona sura yake kamili. Washa halafu andika "Amana", angalia kama a zimebadilika. Kama hazijabadilika fonti haina hiyo kitu, tafuta nyingine au badilisha herufi mwenyewe kwa mkono, geuza kuwa mchoro, ya pili inamishe kidogo, ya mwisho iongezee mkia. Ni dakika chache tu na kazi inabadilika kabisa.

Kingine ni ng' yetu. Kwa bahati Kiswahili hakina vitone na mikwaju ya ziada juu ya herufi, karibu kila fonti ya kilatini inatutosha, isipokuwa hiki kialama cha ng'ombe, ng'ambo, ng'aring'ari. Kwenye fonti ya brashi herufi zinatembea zimeshikana mikono halafu katikati inadondoka ile alama iliyonyooka kama msumari na g inaachana na o. Kwanza tumia alama iliyopinda, sio ile ya wima. Pili inyanyue juu kidogo na ifanye ndogo, halafu o isogeze chini yake mpaka mkia wa g uiguse. Bango la "Ng'ombe Choma" lililofanyiwa hivyo ukiliweka pembeni ya lile ambalo halijafanyiwa utaona tofauti toka upande wa pili wa barabara.

Herufi kubwa tupu, hapana. Yani hapa sina cha kujadili. Herufi kubwa za brashi zimechorwa ziongoze neno, zina mikia na madaha, kila moja inataka nafasi yake, sasa ukiandika HARUSI YA MTOTO WETU zote kubwa zinagombana, H inamkanyaga A, hasomi mtu. Na kuachanisha herufi vile vile, ukivuta nafasi kati ya herufi kwenye fonti inayoshikana unaikata viungo, inabaki na vijimkono vinaning'inia hewani.

Kwenye stika sasa, hapo ndo pana hasara ya pesa kabisa. Herufi za brashi zinashikana kwa kulaliana, moja inapanda juu ya mkia wa nyingine. Kwenye skrini huoni kitu, kwenye flex, yale mabango ya plastiki ya kuprinti, haina shida, printa inamwaga wino tu. Lakini plota ya kukatia stika inafuata mstari wa kila herufi peke yake, kwa hiyo itakata na pale zilipolaliana, ukija kubandua unakuta neno limekatika vipande vipande kwenye kila kiungo. Lazima uziunganishe kwanza ziwe umbo moja, kwenye Corel tunasema kuweldi, ndo upeleke plota. Na zile fonti za brashi kavu, zenye michirizi na vidoti vidoti vya rangi, hizo usithubutu kuzipeleka kwenye plota, kila kidoti kinakuwa kipande cha kukata na utakaa na kisu kidogo unabandua mpaka usiku na nusu yake vitatoka na karatasi. Hizo ziachie flex na kadi.

Kuna siku alikuja mama mmoja ni shangazi wa bibi harusi, ndo alikuwa mweka hazina wa kamati, na kadi ya mchango anaitaka haraka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nataka yote iwe kwenye yale maandishi mazuri, yote, mpaka chini kwenye namba za kutuma."

Nikamwomba akae, nikamtengenezea mbili nikazichapa kwenye karatasi ya kawaida. Moja yote ya brashi kama alivyotaka. Nyingine majina ya maharusi tu ndo brashi, makubwa, katikati, halafu maneno ya familia na tarehe na namba za simu kwenye fonti iliyosimama, ya kawaida. Nikampa ya kwanza nikamwambia, "Shangazi nisomee hiyo namba." Akaisogeza, akaitoa mbali, akavaa miwani, ile saba akaisoma moja. Akaiweka chini, akachukua ya pili, akasoma namba moja kwa moja bila kusita, kisha akakaa anatazama yale majina muda mrefu. "Kumbe majina yameonekana zaidi," akasema. Ndiyo, yameonekana zaidi kwa sababu yako peke yake. Mtu akikosea namba mchango unakwenda kwa mtu mwingine, hilo kila mweka hazina analielewa haraka kuliko habari yoyote ya urembo.

Na kuna kitu kwenye kadi zetu nakipenda sana, ile sehemu ya "Prof./Dkt./Bw./Bi./Familia ya" halafu vidoti, ambapo jina la mwalikwa linaandikwa kwa mkono na kalamu. Pale mwandiko halisi wa mtu unakaa karibu na mwandiko wa kuigiza. Fonti ya brashi ikiwa imekaa kikompyuta, ile kalamu inaiumbua. Mi siku hizi kabla sijachapa kadi zote naandika jina lolote pale kwenye vidoti kwa kalamu ya bluu natazama vinavyoelewana.

Furaha nayo ina mahali pake. Watu wanakuja kuchapa ratiba ya mazishi wanaonesha kadi ya harusi ya mwaka jana, wanasema tumia maandishi haya haya, kwa vile waliyapenda. Wamefiwa, hawana nafasi ya kufikiria mwandiko, hiyo ni kazi yangu mimi kufikiria kwa niaba yao. Fonti ya kuchezacheza inaruka juu ya mstari, inacheka, na jina la marehemu halikai hapo. Namwambia tu taratibu, "pole sana kaka, jina la mzee nitaliweka kwenye maandishi yaliyotulia, utaliona kabla sijachapa." Hakuna hata mmoja aliyewahi kukataa.

Halafu angalia khanga. Maneno ya khanga yamechapwa kwa herufi kubwa, zimesimama, hazina madoido, ndani ya kile kiboksi chake, na khanga yote inayozunguka imejaa maua, korosho, rangi zinawaka. Maneno yametulia kwa sababu urembo uko kwingine, na lazima yasomeke mtu akiwa anatembea. Nikipewa kadi yenye maua kila kona na mapambo ya dhahabu huwa nakumbuka khanga, natulia kwenye maandishi. Brashi naiweka pale ambapo pembeni pako patupu, rangi moja, neno moja au mawili. "Karibu". Jina la mgahawa. "Juisi ya Miwa". Maneno manne tayari ni mengi.

Sasa hivi natengeneza ya kwangu. Nilimwomba yule mzee, bado yupo, mkono wake bado una nguvu, akaniandikia herufi kwa brashi na rangi nyeusi kwenye karatasi za manila, maneno mazima sio herufi moja moja, maana ukimwambia mtu akuandikie a peke yake anakupa a ya darasani. Nimezipiga skani, nazichora upya kwenye Inkscape halafu naziingiza FontForge ziwe fonti, zote mbili ni programu za bure. a nimezipa sura nne, ya mwanzo, mbili za katikati zinazopokezana, na ya mwisho yenye mkia. Mzee aliiona kwenye simu akasema ule mkia ni mrefu, nifupishe, neno likifuatwa na jingine utagongana nalo, na ni kweli, "na" na "ya" na "wa" ziko kila mahali kwenye lugha yetu, kwa hiyo mkia mrefu nimeuacha kwa neno la mwisho wa mstari tu.

Inayonisumbua kwa sasa ni "kunywa". Mkia wa y unashuka chini na kurudi juu kwa nguvu, wakati w inataka kuanzia katikati, zikikutana panakuwa na fundo jeusi ambalo kwenye ukubwa mdogo linakuwa doa. Nimechora y nyingine ya mkia mfupi usiorudi juu, inakuja yenyewe ikifuatwa na w tu, kwenye "nywele", "kinywaji", "nyweshea". Bado mb na nd za mwanzo wa neno, na K kubwa sijaipatia. Zikikamilika nitaitoa bure kwa leseni ya wazi, na mwenye saluni au genge anayetaka kuijaribu kwenye bango lake kabla haijatoka aniletee jina la biashara yake, hasa likiwa na a nyingi.